Diski ya Wingu Ina Kikomo cha Kasi

Kijitabu cha elimu kwa vyama vya ushirika, nyumba za wageni, zahanati binafsi, shule na maduka ya Kilosa na Mikumi

Kwa nini tumekiandika

Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia Kilosa mjini, ukaharibu nyumba na kuichukua hata sehemu ya reli ya kati. Baada ya hapo hakuna karani wa Kilosa aliyehitaji kushawishiwa kwamba kumbukumbu za ofisi zisikae kwenye kabati moja wala kwenye kompyuta moja. Siku hizi njia ya kuziweka mbali ni nyepesi: unakodi seva na diski kutoka kampuni kama Amazon, Microsoft au Google, na data zako zinakaa kwenye kituo cha data nje ya bonde la Mkondoa. Vituo vya kampuni hizo vilivyo jirani nasi zaidi viko Afrika Kusini. Microsoft ilifungua Johannesburg mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Hicho ndicho watu wanachokiita wingu.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa mifumo hawalitaji siku ya kusaini mkataba. Diski unayokodi ina ukubwa na ina kasi. Ukubwa unauona kwenye ankara kila mwezi. Kasi huioni popote mpaka uitafute. Vyote viwili vina kikomo, na mara nyingi kikomo cha kasi hufikiwa mapema zaidi. Kwa maoni yetu, mifumo mingi inayosemwa ni mibovu haina ubovu wowote. Imegonga kikomo cha kasi kilichonunuliwa, na ushahidi umekaa kwenye ukurasa wa vipimo ambao ofisi inaulipia tayari bila kuufungua.

Tumewaandikia wenye mifumo na wahasibu, si mafundi peke yao. Fundi anayejua mambo haya hatahitaji kijitabu. Anayehitaji ni mwenyekiti wa bodi anayeletewa pendekezo la kununua seva kubwa mara mbili.

Dalili zinazoonekana kaunta

"Mzee wangu, mfumo umegoma, hebu pita baadaye." Sentensi hiyo ikisemwa siku moja kwa mwezi, tena siku ileile ya kazi nyingi, shuku diski. Mfumo unaofika kikomo cha kasi hauzimiki. Asubuhi unakimbia, kisha ghafla kila kitufe kinachukua sekunde kumi, kumi na tano, hadi ukurasa unakata tamaa na kuonyesha kosa. Fundi akiingia anakuta prosesa inatumika kidogo, kumbukumbu ya mashine ina nafasi, diski haijajaa hata nusu. Anaandika kwenye ripoti kwamba seva ni nzima. Kwa vipimo alivyotazama, hajakosea.

Kinachofuata mara nyingi ni kuiwasha upya mashine. Kwa tatizo hili haisaidii, na kwa kanzidata inaongeza maumivu, kwa sababu kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya haraka kinapotea na inabidi kisomwe upya kutoka kwenye diski ileile iliyochoka.

Kuna alama moja ya kutazama kwenye Linux: amri ya `top` huonyesha kipimo kilichoandikwa `wa`. Hicho ni muda ambao prosesa imekaa bure ikisubiri diski. Kikiwa asilimia 40 au 60 huku kipimo cha kazi halisi kiko chini, ongezeko la prosesa halitabadili chochote. Ofisi zinanunua prosesa hata hivyo.

Ulichonunua hasa

Dereva wa lori anayepita Mikumi na mzigo anaijua foleni ya mzani. Malori mia yenye mzigo mdogo yanaweza kuujaza mzani ingawa tani zilizopita ni chache. Malori kumi yaliyoshiba yanapitisha tani nyingi bila msongamano. Anayetaka kujua kama mzani umelemewa ahesabu vyote: magari kwa saa, tani kwa saa, na urefu wa foleni.

Diski ya wingu nayo ina vikomo viwili vinavyofanya kazi pamoja. Cha kwanza ni idadi ya oparesheni za kusoma na kuandika kwa sekunde, ambayo mafundi huiita kwa kifupi IOPS. Cha pili ni ujazo wa data unaopita kwa sekunde, unaohesabiwa kwa MiB (takribani megabaiti). Kinachofikiwa kwanza ndicho kinachokusimamisha.

Chukua diski ya Amazon ya aina ya gp3, iliyotolewa Desemba 2020. Kila diski ya aina hiyo, iwe ndogo au kubwa, huja na oparesheni 3,000 kwa sekunde na MiB 125 kwa sekunde bila malipo ya ziada. Kanzidata ya MySQL husoma kurasa za KiB 16. Oparesheni 3,000 za ukubwa huo ni chini kidogo ya MiB 47 kwa sekunde, kwa hiyo kikomo cha idadi kinagonga wakati kile cha ujazo hakijafika hata nusu. Sasa mpe diski hiyohiyo mwongoza watalii wa Mikumi anayehifadhi video za simba na tembo. Video husomwa kwa vipande vikubwa, na kwa vipande vya KiB 256 oparesheni 500 tu zinatosha kuimaliza MiB 125. Huyu anagonga kikomo cha ujazo, na akilipia oparesheni zaidi atakuwa amelipia kitu asichokitumia.

Diski za wingu hutofautiana sana. Kwa Microsoft, diski ya Premium SSD ya GiB 128, iitwayo P10, ina oparesheni 500 na MB 100 kwa sekunde. Ndogo yake ya GiB 32, yaani P4, ina 120 na MB 25. Kwa Google, diski nyingi hupanda kasi kadiri zinavyokuwa kubwa, na idadi ya prosesa za mashine nayo inaingia kwenye hesabu. Kumbe mtu anaweza kununua diski ndogo kwa nia njema ya kubana matumizi, na bila kujua akanunua kasi ya chini kabisa iliyoko sokoni.

Akiba inayokwisha kimyakimya

Hapa ndipo ofisi nyingi zinapokwama, na hapa tutakaa kidogo.

Diski za Amazon za aina ya zamani, gp2, bado zimejaa kwenye mifumo iliyojengwa miaka iliyopita, na fundi anayenakili mpangilio wa zamani huendelea kuziunda. Kasi yake ya kudumu ni oparesheni 3 kwa sekunde kwa kila GiB, na haishuki chini ya 100. Kwa hiyo diski ya GiB 20 ina oparesheni 100 tu. Lakini siku ya kwanza haionekani hivyo hata kidogo. Diski yoyote ya gp2 iliyo chini ya GiB 1,000 inaruhusiwa kupanda hadi oparesheni 3,000 kwa muda, kwa kutumia akiba. Akiba ikijaa huwa na oparesheni milioni 5.4, na diski mpya hupewa akiba iliyojaa.

Muuzaji anakuja kuonyesha mfumo kwenye diski mpya, wajumbe wa bodi wanashangilia, kila kitu kinafunguka papo hapo. Wanachokiona ni kasi ya akiba. Kasi waliyoinunua itajitokeza siku kazi itakapokuwa nzito kwa muda mrefu.

Akiba hujazwa kwa kasi ileile ya kudumu. Diski ya GiB 20 hujaza oparesheni 100 kila sekunde. Ikiisha kabisa inahitaji sekunde 54,000 kurudi ilipokuwa, sawa na saa 15, tena bila mtu yeyote kuigusa. Ikiwa kuna kazi ndogo inayoendelea, mathalani oparesheni 40 kwa sekunde, akiba inapata 60 tu zilizobaki na safari ya kujaa inakuwa saa 25. Diski nyingi za Microsoft za ukubwa mdogo zina utaratibu unaofanana: P10 inaweza kupanda hadi oparesheni 3,500 kwa dakika 30, kisha inarudi 500.

Siku ya malipo: mfano wa hesabu

Tuseme kuna chama cha ushirika (AMCOS) cha wakulima wa miwa upande wa Ruembe. Huu ni mfano wa kufundishia. Kila lori la miwa likipimwa, karani anaingiza jina la mkulima, shamba, uzito na kiwango cha sukari. Siku za kawaida diski inafanya oparesheni 40 kwa sekunde, na akiba imejaa muda wote. Mfumo unasifiwa na kila mtu.

Siku ya malipo mhasibu anaanza kukokotoa saa 3:00 asubuhi. Programu inapitia rekodi zote za msimu, inakata mkopo wa mbolea, inakata ushuru, inatoa hati ya kila mkulima. Kazi hii inahitaji oparesheni 1,500 kwa sekunde. Diski inajaza 100 na inatoa 1,500, hivyo akiba inapungua 1,400 kila sekunde. Gawanya milioni 5.4 kwa 1,400: sekunde 3,857, yaani saa moja na dakika nne.

Saa 4:04 akiba imekwisha. Diski inashuka kutoka 1,500 hadi 100, mara kumi na tano, kwa mpigo mmoja, bila ujumbe wowote kwenye kioo. Kama kazi ilikuwa imebakiza nusu saa kwa kasi ya mwanzo, sasa imebakiza saa saba na nusu. Wakulima waliokaa kwenye mabenchi tangu asubuhi watapata hati zao saa 11:34 jioni, ikiwa hakuna karani mwingine anayetumia mfumo. Na yupo, malori hayaachi kuja kwa sababu ni siku ya malipo.

Fundi anapendekeza diski ya GiB 100. Fanya hesabu upya. Kasi ya kudumu inakuwa 300, akiba inapungua 1,200 kila sekunde, nayo inadumu sekunde 4,500, yaani saa moja na robo. Ofisi imelipia ukubwa mara tano ili kupata dakika kumi na moja za ziada, na baada ya hapo oparesheni 300 badala ya 100. Mbaya zaidi, diski ya Amazon inaweza kuongezwa ukubwa lakini haipunguzwi. Ukitaka kurudi GiB 20 inabidi uunde diski nyingine na kuhamisha data.

Dawa ya mfano huu ni kubadili aina kutoka gp2 kwenda gp3, kwa GiB zilezile 20. Bei ya gp3 kwa GiB ni ya chini kwa takribani moja ya tano, oparesheni 3,000 ni za kudumu, na hakuna akiba ya kuisha. Mabadiliko hufanyika mfumo ukiwa unaendelea kufanya kazi. Tunakiri inaudhi kusikia kwamba tatizo lililowachelewesha wakulima msimu mzima linaondolewa kwa kitu cha bei nafuu zaidi.

Kabla hata ya hilo, fundi aitazame programu yenyewe. Oparesheni 1,500 kwa sekunde ni nyingi mno kwa hati za wakulima wa chama kimoja. Mara nyingi programu inasoma jedwali zima la mizani kwa kila mkulima kwa sababu hakuna faharasa (orodha ya kutafutia haraka) kwenye namba ya mkulima. Faharasa ikiwekwa, oparesheni zinaweza kupungua mara nyingi sana, na diski ileile ya zamani ikatosha.

Mahali pa kutazama

Kwa Amazon, vipimo viko kwenye huduma iitwayo CloudWatch. Tutavitaja kwa majina yake kama yanavyosomeka kwenye kioo.

`BurstBalance` ni akiba iliyobaki kwa asilimia, kwa diski za gp2. Mstari wa grafu hii ukichorwa kwa mwezi mzima unasimulia historia ya ofisi: umelala kwenye 100 siku za kawaida, unaporomoka siku ya malipo, unapanda polepole usiku. Ukigusa sifuri, umempata mhalifu.

`VolumeReadOps` na `VolumeWriteOps` ni jumla ya oparesheni za kusoma na za kuandika. Hazioneshi kasi moja kwa moja. Chagua jumla kwa dakika moja, jumlisha vipimo viwili, gawanya kwa 60. Ukipata 6,000 kwa dakika, hiyo ni kasi ya 100 kwa sekunde. Mstari ulionyooka kabisa juu, kana kwamba umepigwa rula, ni dalili ya kikomo, maana kazi ya watu haiwi sawasawa dakika hata dakika.

`VolumeQueueLength` ni foleni. Kuna hesabu fupi inayosaidia: foleni ukiigawa kwa idadi ya oparesheni kwa sekunde unapata muda wa kusubiri. Foleni ya 20 kwenye diski inayofanya 100 kwa sekunde ni sekunde 0.2 kwa kila oparesheni. Diski hizi kwa hali ya kawaida hujibu ndani ya milisekunde chache. Ukurasa mmoja wa mfumo ukihitaji oparesheni 50 zinazofuatana, karani anasubiri sekunde kumi. Sasa mnajua sekunde kumi za kaunta zinatoka wapi.

Kwa mashine za kizazi kipya za Amazon vipo pia `VolumeIOPSExceededCheck` na `VolumeThroughputExceededCheck`. Vinajibu 0 au 1 kwa kila dakika: 1 maana yake mfumo uliendelea kuomba zaidi ya kikomo cha diski ndani ya dakika hiyo. Ukiweza kutazama vipimo viwili tu, tazama hivi. Kwa Microsoft tafuta kipimo chenye jina `Data Disk IOPS Consumed Percentage`, kinachotoa asilimia ya kikomo iliyotumika.

Ndani ya Linux yenyewe kuna `iostat -x 1`, inayopatikana kwenye kifurushi cha `sysstat`. Safu za `r/s` na `w/s` ni oparesheni kwa sekunde, `r_await` na `w_await` ni milisekunde za kusubiri, na `aqu-sz` ni foleni. Safu ya mwisho, `%util`, imewapotosha wengi. Inaonyesha sehemu ya muda ambayo diski ilikuwa na angalau kazi moja. Diski ya wingu hushughulikia kazi nyingi kwa pamoja, kwa hiyo inaweza kusoma 100 kwenye safu hiyo na bado ikawa na nafasi tele. Msinunue chochote kwa sababu ya `%util`.

Onyo kuhusu wastani. Grafu ikiwekwa kwa wastani wa saa, dakika tano za mateso zinamezwa na dakika 55 za utulivu. Tazameni kwa dakika moja, na hata hapo mjue kuna milipuko ya sekunde chache ambayo grafu ya dakika haiioni.

Kikomo cha pili kimo kwenye mashine

Ofisi inabadili diski, inafurahi wiki mbili, kisha uzito unarudi. Sababu ni kwamba mashine nayo ina kikomo chake cha mawasiliano na diski zote zilizofungwa kwake. Mashine ndogo ya Amazon iitwayo t3.small ina kasi ya kudumu ya oparesheni 1,000 kwa sekunde, na inapanda zaidi ya hapo kwa muda tu. Ukiifunga diski ya 3,000 kwenye mashine hiyo, kazi ndefu itatembea kwa 1,000. Vipimo vyake ni `EBSIOBalance%` na `EBSByteBalance%`, na vinakaa kwenye ukurasa wa mashine, siyo wa diski. Ndiyo maana havionekani na mtu anayetazama diski peke yake. Microsoft wana kipimo kinacholingana chenye jina `VM Uncached IOPS Consumed Percentage`.

Utaratibu tunaoupendekeza ni kuandika namba mbili kwenye karatasi, kikomo cha diski na kikomo cha mashine, na kuibandika ukutani karibu na ruta. Kasi yako ni ile ndogo kati ya hizo mbili.

Si kila uzito ni wa diski

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania ikayumba kwa siku kadhaa. Mtu mwenye seva Afrika Kusini aliona mfumo umekufa wakati diski yake ilikuwa imekaa bila kazi. Kutofautisha ni rahisi: foleni ya diski ikiwa karibu na sifuri na akiba imejaa, iacheni diski. Pimeni muda wa `ping` kutoka ofisini hadi kwenye seva, kisha fungueni mfumo huohuo kwa simu yenye laini ya mtandao mwingine.

Kuna uzito mwingine unaofanana sana na wa kikomo nao si kikomo. Diski iliyotengenezwa kutoka kwenye nakala rudufu ya Amazon huanza kutumika mara moja, lakini data zake huletwa kutoka hifadhi ya nyuma kidogokidogo, kila kipande kinaposomwa mara ya kwanza. Ofisi iliyorejesha mfumo baada ya ajali itaona uzito wa ajabu siku ya kwanza, na vipimo vya kikomo vikisoma sifuri. Someni diski nzima mara moja kabla ya kuwafungulia watu, au subirini bila kununua kitu.

Kengele

Hakuna mtu wa Kilosa atakayekaa akitazama grafu mchana kutwa, wala hatakiwi. Wekeni kengele zitume barua pepe au ujumbe. Kwa gp2, kengele ya kwanza ilie akiba ikishuka chini ya asilimia 50, na ya pili chini ya 20. Kwa mfano wetu wa Ruembe, ya kwanza ingelia takribani dakika 32 baada ya kazi kuanza, na mhasibu angekuwa na nusu saa nyingine ya kuamua: asimamishe hati za kijiji kimoja, au amwombe fundi abadili aina ya diski palepale. Kwa gp3, kengele ilie kipimo cha kuzidi kikomo kikisoma 1 kwa dakika tano kati ya kumi. Dakika moja moja msizihangaikie. Kila mfumo hugonga kikomo mara chache, na kengele inayolia ovyo huzimwa na watu.

Ujumbe ufike kwa watu wawili, na mmoja wao awe mfanyakazi wa ofisi yenyewe. Tumeona kengele nyingi zinazokwenda kwenye barua pepe ya kijana aliyejenga mfumo na akahamia Dodoma.

Wapo wanaoogopa kumpa mtu wa nje ruhusa ya kutazama vipimo, wakitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hofu hiyo ni njema lakini hapa haina mahali. Vipimo vya diski havina jina la mkulima, mgonjwa wala mgeni. Mpeni fundi ruhusa ya kusoma vipimo tu, bila ruhusa ya kanzidata. Taasisi za umma, zikiwemo ofisi za halmashauri, zina taratibu zao chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019, na kitengo chao cha TEHAMA ndicho cha kuanzia.

Mkataba, na jaribio la masika

Mkimwita muuzaji wa mfumo, mwombeni aandike ndani ya mkataba aina ya diski, kikomo cha oparesheni, kikomo cha ujazo, na kikomo cha mashine. Akijibu kwamba "ni SSD ya kisasa", bado hajajibu. Ombeni pia grafu za siku ya kazi nyingi kuliko zote za msimu uliopita, dakika kwa dakika. Mwenye nyumba ya wageni Mikumi aombe za wikiendi ndefu kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi wageni wanapojaa. Zahanati iombe za siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mapendekezo ya kuongeza seva yasijadiliwe kwenye kikao mpaka grafu hizo ziwe mezani.

Kwa vyama vya miwa, wakati mzuri wa kujaribu ni masika, kiwanda kikiwa kimefungwa na karani wa mzani hana lori la kupima. Njia ya uaminifu kuliko zote ni kutengeneza nakala ya mfumo mzima na kuendesha juu yake hesabu ya malipo ya msimu uliopita, mwanzo hadi mwisho, huku grafu ikiwa wazi. Mafundi wengine hupenda programu ya `fio`, inayopiga diski kwa kazi ya kubuni. Ni chombo kizuri, ila kikielekezwa kuandika moja kwa moja kwenye diski yenye data kinazifuta; kiendeshwe kwenye diski tupu peke yake. Na jaribio lolote juu ya diski ileile ya gp2 inayotumika kazini huila akiba ya kazi halisi. Mkijaribu diski ya GiB 20 hadi akiba iishe, acheni saa 15 zipite kabla ya kumruhusu mhasibu kuanza hati za malipo.